Karatasi kumi na mbili kwa wimbo mmoja

Mpe mpiga tarumbeta, mpiga saksafoni ya alto na mtoto mwenye rekoda karatasi moja iliyoandikwa nota ya C, kisha waambie wapulize kwa pamoja. Wote watatu watasoma sawasawa, na kila mmoja atatoa sauti yake. Rekoda itatoa C kweli. Tarumbeta itatoa B-flati. Saksafoni itatoa E-flati. Mpita njia atakayesikia kelele hiyo dirishani atadhani watoto hawajafundishwa, ilhali kosa liko kwenye karatasi.

Hilo ndilo linalomtenga mwalimu wa bendi ya shule na mwenzake wa kwaya. Wa kwaya akipata nakala moja ya wimbo anairudufu mara arobaini, anagawa, na mazoezi yanaanza. Wa bendi akipata wimbo mzuri ndiyo kwanza anavuta kiti. Itabidi auandike upya kwa kila ala iliyoko kabatini, aangalie kila mtoto anafika wapi, na kazi hiyo aifanye usiku, kwa sababu mchana ana vipindi vya hisabati au Kiswahili kama walimu wengine. Siku ya sherehe ya shule wageni wanaona sare, gwaride na shaba inayong'aa. Hakuna anayeuliza zile karatasi zilizobanwa kwa vibanio vya nguo zimetoka wapi.

Makala haya ni ya karatasi hizo. Hoja yangu ni moja: kitabu kizuri cha kununua kinasaidia, lakini bendi ya shule husimama pale mwalimu anapowaandikia watoto alio nao, kwa ala alizo nazo, nyimbo ambazo tayari wanazo masikioni.

Tuanze na huo mkanganyiko wa C. Saksafoni ziko za ukubwa mbalimbali, na klarineti na honi vilevile. Ili mpigaji aliyezoea ukubwa mmoja aweze kushika mwingine bila kujifunza vidole upya, wakubwa wa zamani walikubaliana kwamba nota iliyoandikwa ibaki na vidole vilevile, hata kama sauti inayotoka ni nyingine. Mpigaji akapumzishwa, mzigo akatwishwa mwandishi. Kwa hiyo do ikiwa B-flati, tarumbeta na klarineti huandikiwa C, saksafoni ya alto huandikiwa G, honi ya F huandikiwa F, na filimbi na tromboni huandikiwa B-flati yenyewe. Mwalimu asiyelijua hilo kwa kichwa atapoteza muhula mzima akiwalaumu watoto.

Kinacholiongezea tatizo uzito ni kwamba shule nyingi za kwetu hazikuchagua ala zake. Nyingine zilinunuliwa na mzazi mwenye moyo, nyingine ziliachwa na misheni, nyingine zilikuja na wafadhili. Kule Kampala, shirika la Brass for Africa lilianza kwa kuwapelekea watoto ala kuukuu za shaba kutoka Uingereza. Ala za namna hiyo huja na utamaduni wake. Katika bendi za shaba za Kiingereza karibu kila ala, mpaka tuba, huandikwa kwa ufunguo wa G, ili kijana aweze kutoka kwenye koneti akaenda kwenye yufoniamu akisoma vilevile. Bendi za Jeshi la Wokovu, kanisa lililoanza kazi Kenya mwaka 1921, zimewalea wapigaji wengi kwa mtindo huo. Vitabu vya Marekani, ambavyo ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi, humwandikia mpiga tromboni na mpiga tuba kwa ufunguo wa F, yaani ule wa besi.

Sasa fikiria darasa moja lenye tromboni mbili. Mtoto wa kwanza alianza kanisani. Akiona C ya ufunguo wa G anavuta mkono hadi nafasi ya kwanza na B-flati inatoka. Wa pili ameanzia shuleni na kitabu. B-flati hiyohiyo anaijua ikiwa imeandikwa B-flati kwenye ufunguo wa besi. Ala ni ileile, sauti ni ileile, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa vibaya. Lakini ukiwapa karatasi moja, mmoja wao atanyamaza. Mwalimu anayeijua kazi yake hamlazimishi mtoto yeyote abadili dini. Anaandika karatasi mbili.

Vitabu hivi vya kununua vina historia ya heshima, na sivibezi. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Joseph Maddy na Thaddeus Giddings, walitoa The Universal Teacher, kitabu kilichowezesha watoto wenye ala mchanganyiko kufundishwa chumba kimoja kwa wakati mmoja, badala ya mmoja mmoja kwa mwalimu wake. Wazo hilo ndilo lililozaa vitabu vinavyotumika leo, kama Essential Elements na Standard of Excellence cha Bruce Pearson. Kila ala ina kitabu chake, lakini zoezi linapotajwa kwa namba, wa tuba na wa filimbi wanakutana kwenye wimbo uleule. Mpangilio wa vidole umefikiriwa, picha za namna ya kushika ala ni safi, na hakuna ukurasa unaoleta mambo mapya matatu kwa mpigo. Mwalimu mgeni wa kazi hii akipata hata seti moja, aikumbatie.

Tatizo ni kwamba vitabu hivyo vilishonwa kwa vipimo vya mwili mwingine. Karibu vyote huanza na sauti tano, do hadi so, do ikiwa B-flati. Tazama linalompata mtoto wa miaka kumi mwenye tromboni. Do iko nafasi ya kwanza, mkono ukiwa karibu na uso. Re iko nafasi ya sita, karibu mwisho wa bomba. Mi ni ya nne, fa ya tatu, so inarudi ya kwanza. Yaani mojawapo ya sauti tano za kwanza kabisa katika maisha yake ya muziki inadai mkono ambao bado hajaota. Anajinyoosha, ala inayumba, mdomo unaachia, re inatoka imepinda, na wiki ya tatu ameomba ahamishiwe ngoma. Tarumbeta nayo kwenye re hiyohiyo inataka kidole cha kwanza na cha tatu vishuke pamoja, na kidole cha tatu ndicho kizito kuliko vyote.

Dawa yake haihitaji fedha. Anza na wimbo unaotembea kwenye mi, fa na so tu. Tromboni itakuwa nafasi ya nne, ya tatu na ya kwanza. Tarumbeta itakuwa vidole viwili, kimoja, na bure. Au anza na wimbo wa do, mi, so, kama milio ya buruji kambini, re isubiri mwezi wa pili. Nyimbo nyingi za michezo ya watoto wetu hazivuki sauti tano, na nyingine ni tatu tu. Mwalimu mwenye sikio anaweza kukaa uwanjani wakati wa mapumziko, akasikiliza watoto wa darasa la pili wanavyoimba wakirukaruka, akarudi ofisini na kurasa zake sita za kwanza.

Jambo la pili ambalo vitabu hivyo havituwezi ni mapigo. Katika vingi, mwaka mzima wa kwanza ni mapigo manne, matatu na mawili, na sita kwa nane huletwa kitabu cha pili, pamoja na maelezo marefu kwamba sasa tunaingia kwenye jambo gumu. Gumu kwa nani? Mtoto wa Likoni au Pangani ameisikia chakacha harusini tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Miguu yake inagawa sita katika mbili, makofi yanagawa sita katika tatu, na hakuna aliyempa mtihani. Kinachokuwa kigeni kwake ni kuhesabu moja mbili tatu nne huku amekaa wima kama yuko benki. Kwa mtoto huyo, sita kwa nane ingefaa iwe ukurasa wa tatu. Aipige kwanza kwa makofi, kisha kwa nota moja tu ya ala yake, kisha aonyeshwe inavyoandikwa. Ataliona jambo analolijua likiwa limevaa nguo mpya, na hapo kusoma hakutamtisha.

Haya si mageni duniani. Antonio Vivaldi aliajiriwa mwaka 1703 kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà ya Venice, nyumba iliyolea wasichana yatima na waliotelekezwa, na sehemu kubwa ya kazi zake aliziandika kwa ajili ya wasichana hao na ala zilizokuwa mikononi mwao. Gustav Holst alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's, London, kuanzia 1905 hadi alipofariki 1934. St Paul's Suite, inayopigwa leo na okestra kubwa, aliiandikia okestra ya shule ile. Na mwaka 1931 Béla Bartók wa Hungaria, kwa ombi la mwalimu wa fidla wa Ujerumani, Erich Doflein, aliandika vipande 44 vya fidla mbili kwa ajili ya wanafunzi, karibu vyote vikitokana na nyimbo za wakulima alizozikusanya vijijini. Hawakungoja soko liwaletee kitabu.

Sasa tuingie ofisini kwa mwalimu, tuone ukurasa unavyotengenezwa.

Kwanza ni kuchagua wimbo. Wimbo wa taifa wa Kenya unatokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Kamati ya 1963, ambamo walikuwamo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, iliuchukua na kuupangia sauti. Anayedhani wimbo wa bibi ni mdogo mno kwa tarumbeta na akumbuke hilo. Kigezo changu ni rahisi: ukiuimba mstari wa kwanza, nusu ya darasa wadakie wa pili. Mtoto anayeujua wimbo anajisahihisha mwenyewe. Akikosea kidole, sikio linamwambia kabla mwalimu hajafungua mdomo. Akipewa wimbo wa kigari kinachovutwa na farasi juu ya theluji ambao hajawahi kuusikia, hana wa kumwambia.

Pili ni kuupima. Andika sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa ya wimbo, kisha utafute do itakayowafaa wengi. Klarineti katika mwaka wa kwanza isivushwe kutoka sauti za chini kwenda za juu, kwa maana pale katikati vidole karibu vyote hufunga kwa pamoja na tundu moja likivuja kidogo ala inapiga kelele kama mlango mbovu. Tarumbeta isipandishwe juu ya C ya katikati ya mistari. Midomo michanga huchoka, na ikichoka mtoto hubana, na akizoea kubana itamchukua miaka kuacha. Filimbi ikiandikwa chini sana haitasikika mbele ya shaba hata kidogo. Mambo haya hayamo kwenye vidole, yamo kwenye kalamu ya mwandishi.

Kenya wana kibarua cha ziada hapa. Mtaala wao unawafundisha watoto wa shule za msingi kupiga rekoda, na rekoda kwa kawaida huanza na B, A na G. Ni jambo jema, kwa sababu mtoto anafika kwenye bendi akiwa anajua kusoma. Ila ukitaka rekoda na tarumbeta zipige pamoja, kila upande unavuta kwake. Do ikiwa G, rekoda zinastarehe, lakini tarumbeta inapata shapu tatu na saksafoni ya alto shapu nne. Do ikiwa B-flati, shaba inastarehe na rekoda inabaki kuhangaika na vidole vya kupishana. Usuluhishi ni do kuwa F. Rekoda itavumilia B-flati moja, tarumbeta itapata shapu moja, saksafoni mbili. Hakuna anayefurahi kabisa, na hakuna anayelia.

Tatu ni kugawa sauti, na hapa ukwaya wetu ni mtaji. Badala ya kuandika bendi kamili ya ala ishirini kama wafanyavyo wachapishaji, andika sauti nne tu, soprano, alto, teno na besi, kisha kila sauti uinakili kwa namna ya kila ala inayoweza kuifikia. Sauti ya kwanza itataka karatasi tatu: ya C kwa filimbi, ya B-flati kwa tarumbeta na klarineti, ya E-flati kwa saksafoni ya alto. Sauti ya pili itataka mbili, B-flati na E-flati. Ya tatu nne: honi ya F, ala za B-flati kama saksafoni ya teno, honi ndogo ya E-flati ya bendi za Kiingereza, na tromboni ya ufunguo wa besi. Ya nne tatu: ufunguo wa besi, yufoniamu ya ufunguo wa G, na tuba ya E-flati. Jumla kumi na mbili, na ya kumi na tatu ni ya mwalimu mwenyewe. Faida yake ni kwamba mpiga honi akiugua siku ya tamasha, saksafoni ya teno inashika sauti ya tatu na wimbo hautoboki. Bendi ya shule ambayo wimbo wake unakufa kwa homa ya mtoto mmoja imeandikiwa vibaya.

Nne ni ngazi ndani ya wimbo mmoja. Darasani kuna wa mwaka wa tatu na wa wiki ya tatu, na ndugu hawa hawana vipindi tofauti. Kwa hiyo chini ya karatasi ya tarumbeta huwekwa mstari wa pili, wenye nota mbili tu, ndefu, zinazoingia mahali pake. Mgeni anapuliza so kwa vipimo vinne, anapumzika vinne, anapuliza do. Anakwenda nyumbani akisema leo nimepiga na bendi, na ni kweli. Mstari huo wa nota mbili ndio unaomrudisha siku ya pili. Ningeulizwa ni kitu gani kisikose kwenye faili la mwalimu wa bendi, ningetaja huo kabla ya skeli zote.

Mengine ni usafi wa kazi. Nota kubwa, kwa kuwa watoto wawili husoma stendi moja. Herufi za mazoezi kila baada ya vipimo vinane, ili mwalimu aweze kusema "tuanzie C" bila dakika tano za kuhesabu. Alama ya kuvuta pumzi pale mwimbaji angevuta. Mapumziko marefu yawe na dondoo la kinachosikika kwa wengine, kwa sababu mtoto hupotea anaponyamaza kuliko anapopiga. Ngoma zenyewe mimi sishauri ziandikwe zote; andika pale zinapoingia, zinaponyamaza na zinapobadilika, yaliyobaki fundisha kwa mdomo na mkono kama zilivyofundishwa siku zote.

Tonik solfa iwe wapi katika haya yote? Mfumo huo ulienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, wamisionari wakauleta, na hadi leo kwaya zetu nyingi huanzia hapo. Wapo walimu wa bendi wanaouona wa kizamani. Mimi naona ndio ufunguo wa darasa zima. Kwa kuwa do huhama, mwalimu akisema "wote, do", tarumbeta inakwenda C yake, saksafoni G yake, tromboni B-flati yake, na sauti inayojaa chumbani ni moja. Hakuhitaji kutaja majina matatu. Darasa linaloimba wimbo kwa solfa kabla ya kuinua ala huupiga vizuri mapema zaidi. Tahadhari ni moja: ukiandika d, r, m chini ya kila nota, mtoto atasoma herufi na hatainua macho kwenye mistari mitano milele. Weka herufi kwenye nota ya kwanza ya kila sentensi ya wimbo, basi. Nyingine azitafute.

Unguja kuna somo la aina nyingine. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002 na kwa miaka mingi kikawa katika jengo la zamani la forodha huko Mizingani, kiliwakalisha vijana wa udi, kanuni, fidla na akodiani darasa moja. Katika taarabu ya asili ala hizo hazigawani sauti nne. Zote zinafuata mstari mmoja wa wimbo, kila moja ikiupamba kwa namna yake. Karatasi moja inatosha kundi zima, na kama mwalimu wa shaba angesikia hilo angelia wivu. Ugumu wake umejificha pengine. Makamu ya rast, yaani skeli ya Kiarabu ya jina hilo, ina sauti mbili ambazo piano haina, zilizo katikati ya flati na sauti kamili, na huandikwa kwa alama yake maalumu. Fidla inazifikia kwa kidole, kanuni ina vipande vidogo vya kuzirekebishia, lakini akodiani ya kawaida hailazimishiki. Tena mapambo yenyewe hayaandikiki. Karatasi ya taarabu ni mifupa. Nyama mwanafunzi huipata kwa kukaa karibu na anayejua.

Zana za kuandikia si kisingizio tena. Programu ya MuseScore hupatikana bure, hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na ukiandika wimbo mara moja yenyewe huhamisha nota kwa kila ala. Haitakuambia kwamba mtoto hafiki nafasi ya sita, hilo ni lako. Walimu waliohifadhi kazi zao kwenye Finale wachukue hatua: Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuisitisha programu hiyo, kwa hiyo mafaili yahamishiwe kwenye mfumo wa MusicXML ambao programu nyingine zinausoma, tena upesi, kompyuta ya ofisi ikiwa bado inawaka. Asiye na kompyuta ana rula, kalamu na karatasi ya manila ukutani. Wimbo wa sauti nne kwa herufi kubwa kwenye manila umefundisha watu wengi kuliko programu yoyote.

Kuna suala la sheria, nalo halikwepeki. Kurudufu kitabu kizima cha mchapishaji kwa ajili ya bendi nzima ni kosa, hata kama kila mtu anafanya. Kupanga upya wimbo wa mtunzi kunahitaji ruhusa yake au ya warithi wake. Kenya na Tanzania zote hulinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, kwa hiyo tungo zake bado zimo ndani ya ulinzi huo. Nyimbo za jadi nazo si shamba la bibi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayozilinda kazi za kitamaduni kama mali ya jamii zake. Kwa mwalimu wa kawaida maana yake ni adabu ya msingi: uliza, na uandike juu ya karatasi wimbo umetoka kwa nani.

Linganisha sasa na kwaya. Watunzi wa kwaya za Kikatoliki nchini Tanzania wameweka maelfu ya tungo kwenye mtandao wa Swahili Music Notes. Mwalimu wa kwaya wa Sumbawanga hupakua usiku wimbo uliotungwa Mwanza na Jumapili unaimbwa. Bendi za shule hazina ghala kama hilo. Kila mwalimu anaandika chake, anahamishwa kituo, faili linabaki kwenye droo, na anayekuja anaanza upya kutoka mi, fa, so.

Na hazina ipo. Bendi za polisi, za jeshi na za magereza hupiga nyimbo za kwetu kwa ala hizihizi kila sikukuu ya taifa, na watu wamekaa chini wakazipanga. Taasisi ya Elimu Tanzania na wenzao wa taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, kule Nairobi wanaweza kuanza na kijitabu kimoja chembamba, nyimbo ishirini za sauti nne, kila moja na karatasi zake kumi na mbili, mstari wa nota mbili ukiwa chini. Lakini ofisi huenda kwa mwendo wake. Mwalimu wa bendi, na wewe mzee uliyestaafu bendi ya kikosi, msingoje waraka. Juu ya kila karatasi andika jina la wimbo, umetoka wapi, nani aliyeupanga, mwaka gani, na do ni ipi. Kisha toa nakala uipelekee shule iliyo karibu nawe, kabla karatasi hizo hazijaishia kufungia karanga.